Taharuki ya jambo lisilosemwa

Jana usiku nilisoma upya "The Lottery", hadithi fupi ya Shirley Jackson iliyochapishwa mwaka 1948, nikitaka kuona kama taharuki yake ingenishika hata baada ya kuujua mwisho. Mwandishi hafichi bahati nasibu yenyewe, ambayo wanakijiji wanaichezesha kwa kuchagua karatasi kutoka kwenye sanduku. Anachokificha ni kile atakachopata mshindi. Mapema kabisa tunaonyeshwa wavulana wakirundika mawe, nasi tunayapita tukidhani ni mchezo, kwa kuwa msimulizi anayataja kwa sauti ileile tulivu anayoelezea hali ya hewa. Ustadi ninaouona hapo ni kwamba wanakijiji wote wanajua kitakachotokea, kwa hiyo hakuna mwenye sababu ya kumweleza mwenzake, na ukimya wao hauonekani kuwa hila. (Hadithi inayotuweka akilini mwa mhusika, kisha ikamfanya akwepe kuwaza siri anayoijua, huniudhi sana.) Wasiwasi unakuzwa na mambo madogo: watu wanasitasita wanapoombwa kusaidia kulishika sanduku, kisha mwanamke mmoja analalamika kwamba mumewe hakupewa muda wa kutosha kuchagua karatasi, ilhali msomaji bado hajaambiwa kinachogombewa.