Nguzo za Mkunazini

Jana nimeshinda Mkunazini, Unguja, na rangi zangu za maji, nikijaribu kuchora Kanisa Kuu la Anglikana. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi: ukuta, dirisha, mnara, basi. Wapi!

Ukuta ndio ulionitoa jasho. Ukipaka rangi moja tu unapata kuta za bweni. Lile ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu, na kila kitundu kina kivuli chake. Nikaanza kuwaza: jiwe hili mtu alilichimba, mwingine akalibeba, na chokaa nayo kuna aliyeipika kwenye tanuru. Hata paa ni zege lililochanganywa na matumbawe. Ujenzi ulianza 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Jina la Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, tunalo, kaburi lake liko nyuma ya altare. Majina ya wapondaji wa kokoto sijui nani aliyaandika.

Halafu ndani kuna zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Mkono wangu ulitaka kuzinyoosha, mazoea ya shule! Nimezichora tatu, na nimeziacha vilevile.

Mtoto mmoja alichungulia karatasi yangu akasema, "Mjomba, umeigeuza." Nikamwambia aende akaitazame mwenyewe. Alirudi anacheka.

Mnara bado. Kesho asubuhi, jua halijawa kali.