Nguvu zilivyonirudia baada ya kutolewa tumbo

Saratani yangu ilikuwa ya tumbo. Madaktari wa Mombasa waliamua mfuko wote wa tumbo utolewe, wakaunganisha koo la chakula moja kwa moja na utumbo mdogo. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, ilikuwa imeshanipunguza mwili hata kabla ya kuingia thieta. Operesheni yenyewe sina la kuisimulia, nilikuwa usingizini. Ninayotaka kuwaeleza wenzangu ni yale yaliyofuata niliporudi nyumbani Lamu, maana hapo ndipo mgonjwa anapoachiwa yeye na watu wake.

Nilirudi na mofini ya maji, ambayo ni dawa ya maumivu makali, panado na dawa ya kulainisha choo, na siku hiyo hiyo kukazuka mzozo. Shangazi yangu aliiinua ile chupa ya mofini kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaniambia: "Mwanangu, hii si ndiyo ile inayowamaliza vijana wetu? Vumilia, Mungu yu nawe." Simlaumu hata kidogo. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa unga wa heroini umefanya nini mitaani kwetu, sote tunazijua nyumba zilizolia. Hofu yake ilikuwa mapenzi.

Binti yangu akampigia simu muuguzi, akaweka sauti kubwa sote tusikie. Muuguzi akaeleza kwa upole kwamba mofini inayopimwa kwa bomba la kupimia dawa, ikanywewa kwa saa na mtu mwenye maumivu ya kweli, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo maumivu yanapopungua, haiwi sawa na unga wa kuvuta. Tena akasema neno lililonikaa: mtu anayeumwa sana hapumui kwa kina, hakohoi, hainuki kitandani. Makohozi hubaki kifuani akapata nimonia, na damu huweza kuganda miguuni. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Haya, anywe kiasi gani, na saa ngapi?" Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenishikia saa, hata ya usiku wa manane.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maumivu na nguvu ni jambo moja. Nikiwa na maumivu sitembei, na nisipotembea nguvu hazirudi. Kwa hivyo sikungoja maumivu yapande ndipo ninywe. Mofini yangu ilikuwa kila baada ya saa nne kama nilivyoandikiwa, panado kila baada ya saa sita. Panado nayo si peremende: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mwenye mwili mdogo sana au ini lenye matatizo huenda akapunguziwa. Dawa nyingine za maumivu, brufen na diklofenaki za kununua dukani, sikugusa, kwani zinaweza kuvujisha damu ndani na kuumiza figo. Dawa ya choo nilikunywa kila siku bila kungoja choo kifunge, kwa sababu mofini hukifunga, na kujikamua ukiwa na mshono wa tumboni ni adhabu.

Kukohoa nilifundishwa kukumbatia mto, kuubana juu ya mshono, ndipo nikohoe. Kuamka vilevile kuna utaratibu: nageuka ubavu kwanza, nashusha miguu, kisha nasukuma kitanda kwa mkono hadi nikae. Kuinuka kichwa mbele chalichali huuvuta mshono mzima. Nyumba yetu ya Mkomani ni ya mawe ya zamani, ngazi zake zina vidato virefu, basi wanangu wakanishushia kitanda chini. Sala nilisali kwa kukaa, maana kusujudu kulikuwa hakuwezekani.

Maumivu yalipotulia ndipo uchovu ukajionyesha sura yake. Si uchovu wa kazi, ambao ukilala unaondoka. Asubuhi moja nilitaka kufua leso yangu mwenyewe. Nikailoweka, nikaisugua kidogo, nilipofika kuikamua mikono ikakataa. Maji yalinichuruzika viganjani, leso nzito, nami nimekaa kwenye kibao nikihema. Binti yangu aliichukua bila kusema kitu.

Daktari alikuwa ameniambia nisilale kutwa, kwani kulala sana huzidisha udhoofu. Nitembee kila siku, kidogo, niongeze taratibu. Na kwa hili naupenda mji wangu kwa moyo wote. Vichochoroni mwa Lamu hakuna magari, na kila hatua chache kuna baraza au daka la mtu. Nilianza kwa kutoka mlango wetu hadi daka la jirani, nikakaa, nikarudi. Juma lililofuata madaka mawili. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekaa mlangoni pake. Watu walisogea, wakanipa nafasi, wakaniuliza hali. Nilichohofia ni punda. Vichochoro ni vyembamba, na punda aliyebeba mawe au mchanga hakupishi. Tandiko likikugonga tumboni umerudi hospitali. Kwa hivyo nilitoka baada ya alfajiri, kabla mizigo haijaanza, jua nalo bado halijakuwa kali, na mjukuu wangu akinitangulia.

Wageni ni jambo zito zaidi kulisema. Kwetu kumzuru mgonjwa ni ibada, na dua zao zilinifaa. Lakini kuzungumza kunachosha kuliko kutembea. Binti yangu akawaomba wote waje baada ya alasiri, wasikae sana, na hakuna aliyenuna. Kuoga nako nilikuhesabu kuwa kazi. Siku ya kuoga nywele sikutembea mbali.

Chakula kilinitaabisha zaidi ya mshono. Bila mfuko wa tumbo, chakula kinashuka mbio kwenye utumbo. Mgeni mmoja aliniletea halwa, nikaonja donge dogo tu. Haikuchukua nusu saa moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, tumbo likasokota, nikalala chini sakafuni. Sukari ndiyo inayoleta hali hiyo zaidi. Nikawa nakula kidogo kidogo mara sita kwa siku: yai, samaki wa kuchemsha au wa kupaka wenye tui jepesi, mbaazi zilizopondeka, mtindi usio na sukari. Natafuna sana. Maji sinywi pamoja na chakula, nangoja kama nusu saa. Ramadhani ilipoingia nililia, kwa sababu sikuweza kufunga. Sheikh wetu alinieleza kwamba mgonjwa wa namna yangu anatoa fidia, alishe maskini kwa kila siku, na moyo wangu ukatulia.

Dalili hizi nilizichunga kwa ukali: homa, mshono kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba, kushindwa kupumua, au kutapika kila nikila. Tulikubaliana kwamba ikitokea moja hatungoji kukuche, kwa sababu sisi ni watu wa kisiwani, na kama ni kupelekwa Mombasa kwa gari ni mpaka uvuke kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kwanza.

Sasa natembea Usita wa Mui wote, njia kuu ya mji wetu, polepole. Ndoo ya maji bado sibebi. Kila miezi mitatu nadungwa sindano ya vitamini B12, na hii ni ya maisha yote, kwa kuwa tumbo ndilo lililokuwa likitengeneza kitu kinachouwezesha mwili kuifyonza. Kama umetolewa tumbo lote na hujaandikiwa sindano hiyo, muulize daktari wako. Akiba yake iliyo kwenye ini huweza kuchukua muda mrefu kuisha, hata miaka, na inapoisha uchovu wake hufanana sana na ule wa operesheni, ukadhani tu kwamba hujapona.