Embe kavu na maandishi madogo
Miaka yote nilijua nakula tunda tu. Juzi, mdomo umejaa embe kavu, nikageuza pakiti na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma: embe, sukari, E220. Kumbe E220 ni salfa dioksidi, ndiyo inayozuia tunda lisigeuke kahawia, na baadhi ya wenye pumu huwabana kifua. Haya, na sukari kwenye embe ya nini jamani? Ndizi kavu zile za vipande vigumu vinavyolia mdomoni ndiyo kabisa, nyingi zimekaangwa kwenye mafuta.

Sasa nachukua pakiti iliyoandikwa tunda peke yake, hata kama limekunjamana kama kisigino. Tena kiganja kimoja tu, maana maji yakitoka sukari inabaki: gramu 100 za zabibu kavu zina karibu gramu 60 za sukari. Pakiti nimeiweka kabati la juu, mkono wangu naujua.