Mdudu Aliyenipindulisha Magodoro

Wiki ya tatu ya kazi yangu hapa Leeds, Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee, msimamizi wa zamu alinipokea mlangoni kakunja uso. "There's a bug going round," akasema, akapita zake.

Mimi mtoto wa Morogoro, niliyelala bweni miaka minne, sikuhitaji mkalimani: bug ni mdudu, na mdudu wa vitandani ni kunguni! Nikapanda ghorofani, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kupindua magodoro na kuchungulia kwenye mishono. Nilikuwa kitanda cha nne mama mmoja wa Kijamaika, mwenzangu wa zamu, aliponiuliza natafuta nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe ni ugonjwa wa tumbo! Wazee watatu walikuwa wanahara na kutapika, na mfanyakazi akiupata harudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome.

Tangu siku hiyo neno hilo nimelivalia njuga. Programu ya simu ikigoma, ina bug. Kinasa sauti kilichofichwa chini ya meza, nacho bug. Hata mtu akikukera, basi anaku-bug.

Na asili yake, wadau, wala si mdudu. Waingereza wa kale walisema "bugge" kwa maana ya zimwi, kile kitu cha gizani cha kutishia watoto. Myles Coverdale alipochapa Biblia yake ya Kiingereza mwaka 1535, kwenye Zaburi 91:5 alimwambia muumini asiogope "bugges by night". Mliolelewa na bibi wa kanisani mstari huo mnao kichwani: "Hutaogopa hofu ya usiku." Bibi yangu aliusema kila akizima koroboi. Wadudu wamekuja kulirithi jina baadaye, karne ya 17 hivi, kunguni akiwa mstari wa mbele. Aliyewahi kulala naye kitanda kimoja hatashangaa.

Watu wa kompyuta nao wana kisa chao cha nondo, yule kipepeo wa usiku. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta kanasa ndani ya swichi, wakambandika kwa seloteipu kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba hii ndiyo mara ya kwanza bug kapatikana kweli. Wengi husimulia kana kwamba neno lilizaliwa hapo. Kama lingezaliwa hapo, utani ule wa "kweli" ungemchekesha nani? Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Kimarekani, alishaziita hitilafu ndogondogo za mitambo kwa jina hilo kwenye barua yake ya mwaka 1878.

Juzi yule mama kaniuliza bug kwetu anaitwaje. Nikamwambia mdudu, na kwamba hata kwetu mdudu anaweza kuwa ugonjwa, kama yule wa kidole anayekukesha usiku kucha. Halafu nikaongeza kuwa Ijumaa jioni mshahara ukitoka tunamchoma, tunamla na ndizi na pilipili.

Alinikodolea macho, kisha kengele ya chumba namba 6 ikalia akakimbia. Mpaka leo sijapata nafasi ya kumwambia kuwa huyo ni nguruwe.