Daftari la mfukoni

Kadiri ninavyofikiria kazi ya kuandika hadithi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mengi huamuliwa kabla ya kalamu kufika kwenye hadithi yenyewe. Huamuliwa pale unapoandika kwenye daftari ulichokiona. Ukiandika "mzee mwenye wasiwasi", wiki ijayo hutakuwa na kitu mkononi, kwa sababu umehifadhi maoni yako na ulichokiona kimepotea. Andika badala yake: "Amehesabu noti mara mbili, akazikunja, akazitia mfuko wa shati, kila baada ya hatua chache anaupapasa." Wasiwasi msomaji atauona mwenyewe.

Kwa hiyo vitenzi kwanza, sifa baadaye. Na uandike palepale, au ndani ya dakika chache, hata kama ni maneno matano tu. Ukingoja hadi usiku, akili hujaza mapengo kwa mambo ya kawaida: mzee atapata mkongojo ambao hakuwa nao, kwa kuwa wazee wa hadithini huwa nao. Picha ya simu husaidia kukumbuka rangi, lakini hubeba kila kitu bila kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kukaa na kitu kimoja kwa dakika 10. Tuseme ni kikombe. Dakika tatu za kwanza hutoa yale ambayo yeyote angeyasema: cheupe, cha udongo, kina maua. Kisha maneno huisha, na wengi huacha hapo. Vumilia. Utaona ufa mwembamba uliogeuka kahawia kwa chai iliyopenya. Utaona maua yamefifia ubavuni, pale viganja vinapogusa; anayekitumia hukikumbatia, hashiki mkono wa kikombe. Kwa nini? Tazama mkono huo: uliwahi kuvunjika, ukagundishwa, na bado haumpi imani. Sasa umepata swali la hadithi: ni nani aliyekaa akakigundisha kikombe badala ya kukitupa?

Harufu na mwanga navyo vinataka ukaribu uleule. "Harufu mbaya" haimpeleki msomaji popote. "Harufu ya nguo zilizokaukia ndani ya nyumba" inampeleka. Jua kali lionyeshe kwa linachowafanyia watu: wamejipanga mstari mmoja, wamebana migongo ukutani, kwa sababu kivuli kilichobaki kina upana wa hatua moja.

Mazungumzo yana tabu yake. Ukiyanakili yote, na salamu zake na "eh" zake, ukurasa unachosha. Chukua neno linalorudiwarudiwa na mahali mtu anapokwepa. Mmoja anauliza, "Utakuja kesho?" Mwenzake anajibu, "Mvua hizi jamani!" Usimwongezee maelezo. Jibu ameshalitoa.

Daftari halidai matunda ya haraka. Tarehe 15 Aprili 1802, Dorothy Wordsworth, dada wa mshairi William Wordsworth, aliyaona maua ya manjano kando ya ziwa Ullswater, Uingereza. Katika shajara yake aliandika kwamba mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kana kwamba yamechoka, na mengine yakicheza kwa upepo. Shairi maarufu la kaka yake William juu ya maua hayo lilitoka mwaka 1807, na ndani yake maua bado yanacheza.

Kosa linalokuja baadaye, wakati wa kuandika hadithi, ni kutaka kutumia kila ulichookota. Katika tukio moja, mambo mawili au matatu yanatosha. Yakizidi, msomaji hajui ashike lipi. Chujio langu ni macho ya mhusika. Aliyeishi chumba hicho miaka mingi haoni tena rangi ya ukuta, ila atagundua mara moja kiti kimesogezwa. Mgeni ataona ukuta. Mwenye deni atatazama mlango. Maelezo ambayo hakuna mhusika wa kuyaona yabaki daftarini, hata yawe matamu kiasi gani.

Na watu halisi wasitambulike. Chukua mwendo wa huyu, usemi wa yule na mikono ya mwingine, ubadilishe kazi na umri, kisha usome tena: kama jirani angemtambua mmoja wao, endelea kuchanganya.