Nyumba ya bibi Mkomani: nilivyotia choo cha kukaa bila kutoboa ukuta

Mama aliteleza chooni usiku wa manane, na kulipopambazuka nikawa nimekwisha kuamua. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini magoti yake yalikuwa yamechoka zamani, na choo chetu kilikuwa kile kile cha tangu enzi za bibi: tundu la kuchuchumaa nyuma ya ndani, chumba cha mwisho kabisa cha nyumba zetu, na birika la mawe la kuwekea maji pembeni. Jiko nalo lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe hapa Mkomani, mtaa wa Amu, yaani Lamu. Mama ngazi zile alikuwa haziwezi tena. Alikaa chini msanani, ukumbi mrefu mwembamba wa nyumba zetu, akiniita kwa sauti nipunguze moto, naye moto wenyewe haoni.

Nikasema nyumba hii itapata choo cha kukaa, shawa na jiko la gesi, na itabaki nyumba ya Kiswahili. Kila niliyemwambia alinitaka nichague moja. Jamaa wa hapa mtaani waliniambia mambo ya kizungu yataiharibu nyumba ya wazee. Ami yangu wa Mombasa akaja na lake: nivunje ukuta ulio baina ya msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu) nipate sebule moja kubwa ya kuweka makochi, "kama watu wengine."

Ushauri ule wa ami uliniudhi mpaka leo, kwa sababu ungetuangushia dari. Vyumba vyetu ni vyembamba, mita mbili na nusu au zaidi kidogo, na sababu yake iko juu ya kichwa chako: boriti. Mti wa mkoko ukiurefusha kupita hapo chini ya uzito wa mawe na chokaa ya dari, unapinda. Basi chumba kina upana wa boriti yake, na kila ukuta wa urefu umebeba vichwa vya boriti. Ukiondoa ukuta, umeondoa dari. Kabla hujanunua kitu chochote cha dukani kwa nyumba kama hii, chukua kamba upime boriti. Mimi kochi nililinunua kabla ya kupima. Lilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likabebwa na vijana wanne vichochoroni, likakwama mlangoni kwenye nguzo ya katikati. Mlango ule ni wa nakshi na una umri mkubwa kuliko sote tulio hai katika ukoo, sikuruhusu mtu aung'oe hata msumari. Kochi likauzwa kwa watu wa Shela kwa hasara ya kama elfu kumi na tano hivi.

Kwa wale wanaosema Uzungu haukai na Uswahili, niliwajibu kwa sahani. Katika zidaka za ndani, zile rafu zilizojengwa katika ukuta wenyewe, mama amepanga vitu vya bibi: bakuli mbili za China za rangi ya buluu, na pembeni yake sahani tatu za maua mekundu ambazo sote tulikua tukiziita za China pia. Nilizishusha nikifanya usafi, nikaipindua moja, nyuma yake nikasoma muhuri: Maastricht. Huo ni mji wa Uholanzi, na viwanda vyake viliuza sahani za namna hii pwani yetu katika karne ya 19. Bibi aliziweka Uholanzi na China kwenye rafu moja, chini ya nakshi za chokaa zilizochongwa na mwashi wa Amu, katika nyumba yenye kitanda cha samadari cha mtindo wa Kihindi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alichoangalia ni kama sahani inaingia katika kidaka. Nami nikashika kipimo hicho hicho.

Mji wa kale wa Amu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo mchoro upeleke kwanza ofisi ya uhifadhi. Usianze kwa nyundo.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, maana lilinigharimu mwaka mzima.

Plasta ya tekani, pale pa kuingilia, na ya msana wa tini ilikuwa imechakaa. Nikampata fundi kutoka bara, kijana mwenye bidii kweli, aliyekuwa akijenga nyumba za kupanga nje ya mji. Akaupigapiga ukuta kwa kidole akasema, "Chokaa ni mambo ya zamani, mama. Tupige simiti mara moja, utasahau kama una ukuta." Nikakubali. Punda walipanda na mifuko kutoka gatini siku nzima. Siku ya tano ukuta ulikuwa umenyooka kama kioo. Nikapaka rangi ya mafuta, nyeupe inayong'aa, nikaita majirani tukanywa kahawa. Nilifurahi mno. Niliona nyumba imekuwa kijana.

Ikaja masika. Kwanza niliona kitu kama uvimbe chini, karibu na sakafu, upana wa kiganja. Nikadhani ni rangi. Baada ya wiki ukuta ulikuwa umetoa malengelenge kama mkono ulioungua, safu nzima, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno. Nililibonyeza moja kwa kidole. Rangi ikapasuka, na nyuma yake ukamwagika unga mweupe, laini kuliko ngano. Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi. Nyuma ya unga kulikuwa na simiti imeachana na jiwe kabisa, ukiigonga inalia kama mtungi mtupu, na jiwe lenyewe limelowa. Mwezi uliofuata vipande vikaanza kuanguka usiku, tunavisikia tukiwa tumelala. Kimoja kikaondoka na mdomo wa kidaka cha chini, kile chenye nakshi ya vijani. Siku hiyo nililia.

Mama akanituma mtaa wa Langoni kwa mwashi mzee ambaye alikuwa ameacha kazi. Alikuja na fimbo yake, hakuleta chombo. Akaweka shavu lake ukutani, akanyamaza kitambo. Akasema, "Iwe hili hunwa maji ya nti, mwanangu. Nanyi mumeliziba pua."

Yaani jiwe hili hunywa maji ya ardhini, nasi tumeliziba pua. Akanieleza taratibu, na tangu siku hiyo nimemweleza kila anayenisikiliza. Mawe ya kuta zetu ni matumbawe, nayo yamejaa vitundu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta katika utambi, na huku kwetu yanapanda na chumvi. Plasta ya chokaa inayaachia yatoke nje, upepo unayakausha, chumvi kidogo unaifagia. Simiti haiyaachii. Yanatafuta njia, yanapanda juu zaidi, na chumvi inakaukia nyuma ya simiti na kuisukuma mpaka inabanduka. Rangi ya mafuta ndiyo kabisa, inaziba hata kile kilichobaki. Kwa hiyo ukiambiwa simiti ni ya kudumu, uliza ya kudumu juu ya jiwe gani.

Kuitoa ilikuwa kazi chungu kuliko kuitia, maana palipokuwa bado imeshika ilibanduka na uso wa jiwe. Mzee alisimama juu ya wajukuu zake wawili wakiitoa kwa patasi kidogo kidogo. Kisha akaniambia niuache ukuta uchi, upumue. Miezi mitatu tuliishi na ukuta mtupu, mama anaona haya wageni wakija. Chokaa ilikuwa imekwisha kumwagiwa maji na kulazwa shimoni muda mrefu, ikawa laini kama siagi. Mchanga alitaka wa maji matamu, si wa pwani, na hata huo akaufanya uoshwe. Tabaka tatu, moja isubiri nyingine. La mwisho lilipita kwenye chekecheke la kitambaa, likasuguliwa kwa jiwe laini la mviringo alilolitoa mfukoni, ambalo alisema lilikuwa la babake. Kila jioni tuliulowesha ukuta na kuufunika magunia mabichi, jua lisiukaushe kwa haraka ukapasuka. Yule fundi wa kwanza alichukua kama elfu sitini na kitu. Kazi ya mzee, pamoja na kubomoa, ilifika karibu mara mbili yake, nami nilitoa kwa moyo mkunjufu. Masika mawili yamepita. Ukuta ni mkavu, baridi, na mweupe usioumiza macho.

Choo ndicho ninachojivunia kuliko vyote, kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Fundi bomba alitaka kutoboa kuta tatu za unene wa nusu mita ili kufikisha bomba la inchi nne kutoka nyuma ya ndani hadi kiwandani, yaani uani, ambako ndiko pekee tungeweza kuchimba tangi la maji machafu. Nikamwambia arudi kesho. Usiku ule nililala kwenye mkeka msanani, usingizi hauji, nikawa namtazama mama akitoka ndani na tochi. Aliposhuka kidato, taa ilishuka. Akashuka tena kuingia msana wa tini, taa ikashuka tena. Nikakaa kitako. Nyumba ya Amu inapanda kadiri unavyoingia! Kutoka kiwandani unapanda kidato kuingia msana wa tini, unapanda kuingia msana wa yuu, unapanda tena kuingia ndani. Maana yake ukitoka ndani kwenda kiwandani unateremka njia nzima, na bomba la choo halitaki kingine ila mteremko.

Asubuhi nikampokea fundi bomba mlangoni na kamba mkononi. Tukachimba mtaro chini ya sakafu, kandokando, na kila tulipofika ukutani bomba lilipita chini ya kizingiti, mlangoni, kama mtu. Hakuna jiwe la ukuta lililotoka. Kwenye kila kidato tuliweka ubao unaofunguka, siku bomba likiziba usilazimike kuvunja sakafu. Fundi bomba mwenyewe sasa anaisimulia kana kwamba aliiota yeye, nami simkatalii.

Birika sikuliondoa. Maji ya mfereji hukatika, na choo cha kukaa bila maji ni balaa, kwa hiyo ndoo inajazwa pale. Mama anatilia udhu pale pale, na samaki wadogo wamo bado wa kula viluwiluwi vya mbu. Hata bakuli la China lililojengewa chini kwa ajili ya samaki wakati wa kuosha birika tuliliacha mahali pake. Shawa iko hatua moja kutoka hapo.

Jiko la gesi liko pembeni ya kiwanda, mtungi nje, mbali na makuti. Kabati za jikoni za kutundika nilizipima: zingekula robo ya chumba. Wajukuu wa mzee wakanijengea zidaka za jikoni kwa chokaa, safu nne, za kina cha shibiri moja, na kila moja nikaipima kwa kitu chake: mikebe ya chai, mbuzi ya kukunia nazi imelazwa, blenda. Swichi ya umeme iko ndani ya kidaka cha blenda, waya umepita juu ubavuni mwa boriti na kupakwa rangi yake. Badala ya kochi, seremala alitengeneza kiti kirefu kwa upana wa msana, mbao zake zimefungwa pale pale ndani, na mito yake ni ya sponji ya dukani.

Mama sasa haniamshi usiku. Anashika ukuta, anahesabu vidato, nasikia maji yakimwagika, kisha anarudi.

Kilichobaki ni dari ya juu. Boriti mbili zimeliwa na mchwa, na seremala ameniahidi kuja baada ya Maulidi.