Utakwenda na mtu huyu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, sebule imejaa mabegi na kichwa nacho kimejaa. Alhamisi alfajiri tunapanda basi Mbezi hadi Tunduma, tunavuka Nakonde, kisha Kasama, kaskazini mwa Zambia, kwa wakwe zangu, wiki 6. Mume wangu ni Mbemba. Ndoa yetu ina miaka 9 na mimi kwao sijawahi kukanyaga hata siku moja.

Najua mnasubiri nimtaje Ruthu. Jamani Ruthu tumemchosha, kila sendofu ni yeye tu, na yale maneno ya uendako nitakwenda alimwambia mama mkwe wala siyo mume, hapo huwa tunaparuka. Mimi nimekaa na Rebeka, Mwanzo 24. Ndugu zake wanataka abaki kwanza siku kama kumi hivi, mtumishi wa Ibrahimu ana haraka, basi wanamwita mwenyewe. Utakwenda na mtu huyu? Akasema, Nitakwenda. Akapanda ngamia.

Mimi nilijibu hivyo hivyo kanisani mbele za watu halafu sikwenda. Mwaka wa kwanza mimba, wa pili nauli, ikaja korona, ikaja shule ya watoto, mwishowe hata sababu nikaacha kutafuta maana mume wangu aliacha kuuliza. Hapo ndipo Roho alinishika juzi usiku nikiwa nakunja vitenge vya mama mkwe. Aliacha kuuliza! Mtu huyu kila Desemba anabanana na sisi kwenye basi mpaka Bukoba, anawaamkia wazee wetu kwa Kihaya chake cha kuungaunga, senene anakula na kuomba nyongeza. Mwaka juzi mama yake akatutumia ifinkubala, wale viwavi waliokaushwa, mimi nikavifungia kabatini mpaka vikaota ukungu. Mhaya mzima, nakula senene kwa kiganja, nashangaa kiwavi cha mwenzangu! Na nilikuwa nanung'unika kwamba mama anapiga simu saa 4 usiku, kumbe kwao ndiyo kwanza saa 3, saa zao ziko nyuma yetu. Miaka 9 sijui hata huko ni saa ngapi.

Wapendwa niwaambie bila kuficha, maana nimejiambia mwenyewe kwanza. Ule mstari wa mtu kuwaacha baba yake na mama yake tumeugeuza wembe. Umemchukua kijana wa watu, au binti wa watu, umemleta kwenu, ndugu zako wanashinda hapo, harambee za kwenu anachanga, misiba ya kwenu anazika, ila kwao wakipiga simu unasema mwambie nalala. Waheshimu baba yako na mama yako, haikuandikwa wa upande wako tu. Najua wengine wakwe zenu wako Ulaya au Marekani, visa na nauli siyo mchezo, hapo sikulaumu. Lakini simu je? Salamu moja ya lugha yao je? Na akina baba msichekelee, wapo wake humu hawajamuona mama yao miaka na miaka kwa sababu mume kila mwaka anasema tutaona. Mama hasubiri tutaona yako, anazeeka. Mwachilie mwenzio akaonane na wake, na wewe mwenyewe nenda, ukakae jikoni na yule mama, uchomwe na moshi wake.

(Zambia ilitangazwa taifa la Kikristo tangu 1991, mume wangu hunitania kwamba nakwenda kuokoka upya. Acha acheke.)

Jana mama ametuma voisi, anauliza anipikie nini nikifika, anipikie ifinkubala au naogopa? Nikabonyeza nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kibemba, eya mukwai, yaani ndiyo, kwa heshima. Baba watoto alikuwa anapanga mashati. Akaacha, akatoka nje, akakaa huko muda, sikumfuata.

Tuombeeni njia, Zaburi 121 yote, na mlima Kitonga hasa. Mchele wa Kyela wa mama tutanunua Mbeya, kama dereva atakubali kusimama.